Rojo la Karanga: Sayansi Iliyomo Kinuni na Hatari Iliyomo Guniani

Jioni yo yote katika kata ya Chuno, mjini Mtwara, apitaye kati ya nyumba hakosi kusikia mlio wa mchi kinuni. Aghalabu kinachotwangwa ni karanga, ili zitiwe katika kisamvu, mchicha au matembele. Upishi huo ni wa zamani, wala hapana haja ya kumfundisha mama wa Chuno namna ya kuunga mboga kwa karanga. Hata hivyo karanga zina matumizi mengine ambayo kwetu hayajaenea sana. Huko Thailand, na katika nchi za jirani kama Malaysia na Indonesia, karanga zilizokaangwa hupondwa pamoja na tui la nazi, ndimu, pilipili na sukari, likapatikana rojo zito la kumwagia mboga mbichi, matango au papai bichi lililokunwa. Rojo hilo laweza kutengenezwa Mtwara bila ya kuagiza kitu cho chote kutoka nchi za nje.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza namna ya kulitengeneza rojo hilo nyumbani au shuleni, na kuonyesha kwamba kila hatua yake ni somo la kemia au la biolojia. Pili, nalo ndilo kubwa zaidi, ni kutoa tahadhari. Rojo hili ni kali, ni chachu, na ni tamu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo lina uwezo wa kuficha ladha ya karanga mbovu. Nazo karanga mbovu huenda zikawa na sumu ambayo moto hauiondoi, ndimu haiiondoi, na pilipili haiiondoi. Mwanafunzi atakayejua kutengeneza rojo bila ya kujua jambo hili atakuwa amejifunza nusu tu ya somo.

VITU VYA MBALI VILIVYOKUTANA KINUNI

Huenda msomaji akadhani kwamba chakula cha Thailand ni kigeni kabisa kwetu. Tukichunguza asili ya vitu vilivyomo tutaona sivyo. Mkaranga, ambao wanasayansi huuita Arachis hypogaea, asili yake ni Amerika ya Kusini, katika sehemu za Bolivia na kaskazini ya Argentina. Pilipili nazo zilitoka Amerika. Mimea hii miwili haikujulikana Afrika wala Asia kabla ya merikebu za Wareno na Wahispania kuanza kuvuka bahari mwishoni mwa karne ya 15. Tangawizi na ndimu, kwa upande mwingine, asili yake ni Asia, na mnazi ulikuwa umekwisha kuenea katika pwani za Bahari ya Hindi zamani sana. Basi mpishi wa Bangkok na mpishi wa Mtwara wote wawili walipokea karanga na pilipili kutoka upande mmoja wa dunia, wakaziunga kwa nazi waliyokuwa nayo. Mmoja alizipika katika mchuzi wa moto. Mwingine aliongeza ndimu na kuzila pamoja na mboga mbichi. Hata kinu na mchi ni vyombo vya wote wawili.

Yafaa pia tukumbuke tabia ya pekee ya mkaranga. Ua lake huchanua juu ya ardhi. Likisha kuchavushwa, kikonyo chake hurefuka, huinama na kuchoma udongo, na tunda hukua gizani chini ya ardhi. Mkulima wa Afrika hakushangazwa na jambo hilo, kwa maana alikuwa tayari na njugu mawe, ambazo ni mmea wa asili ya bara letu na huzaa vivyo hivyo. Lakini msomaji aliweke jambo hili moyoni: karanga hukulia ndani ya udongo, na udongo ndio makao ya kuvu tutakayoitaja hapo baadaye.

MJI ULIOKUZWA NA KARANGA

Mji wa Mtwara una sababu ya pekee ya kuikumbuka karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kutekeleza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili. Ilikusudiwa kulima mamilioni ya ekari, na sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili kuyasafirisha mazao ya Nachingwea, bandari ya kina kirefu ilipangwa kujengwa Mtwara, pamoja na reli ya kuifikia.

Mpango huo ulifutwa mwezi wa Januari 1951, baada ya kula fedha zipatazo pauni milioni 36. Huko Kongwa mvua haikutosha, udongo wa mfinyanzi uliposhikwa na jua uligeuka mgumu mno hata karanga hazikuweza kung'olewa kwa urahisi, na mashine zilizoletwa hazikufaa kwa visiki na mizizi ya nchi ile. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga ilizokusudiwa kupakia hazipo tena. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na mji ukaendelea kukua kando yake, pamoja na mitaa yake kama Chuno.

Wengi wameandika juu ya kuanguka kwa mpango huo, na jambo wanalokubaliana ni kwamba kazi ilianzishwa kabla ya udongo na mvua kupimwa vya kutosha. Walitangulia kutenda, wakafuatia kukagua. Kosa hilo, kwa kipimo kidogo, laweza kufanywa na mtu ye yote amwagaye karanga kikaangoni kabla ya kuziangalia.

MAHITAJI

Kwa watu sita hivi, vitu vifuatavyo vyatosha:

Karanga kavu zilizobanguliwa, kikombe 1 kilichojaa, yaani gramu 150 hivi.
Tui zito la nazi, robo tatu ya kikombe.
Ndimu 2 zenye maji ya kutosha.
Sukari guru au sukari ya kawaida, kijiko kikubwa 1.
Kitunguu saumu, punje 2.
Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba.
Pilipili 1, au zaidi kwa apendaye.
Dagaa wakavu waliokaangwa na kusagwa, kijiko kikubwa 1.
Chumvi kidogo, na maji ya moto kadiri yatakavyohitajika.

Wathai hawatumii dagaa wa kusagwa. Hutumia maji ya samaki yaitwayo nam pla, ambayo hupatikana kwa kuwalaza samaki wadogo katika chumvi nyingi kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Katika muda huo vimeng'enya vya samaki wenyewe huvunja protini zao kuwa asidi za amino, na mojawapo, asidi ya glutamiki, ndiyo iletayo ladha ile ya kukolea ambayo ulimi huijua katika mchuzi wa nyama au wa samaki. Dagaa wetu wakavu wana ladha ya jamii hiyo hiyo, kwa hiyo wanafaa kushika nafasi hiyo.

HATUA NA SABABU ZAKE

Hatua ya kwanza ni kuchagua karanga katika ungo. Hatua hii tutaieleza peke yake, kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito wote. Hapa tuchukulie kwamba karanga zimekwisha kuchaguliwa.

Kukaanga. Zitie karanga katika sufuria kavu juu ya moto mdogo, uzigeuze kwa mwiko bila ya kuacha, kwa muda wa dakika 10 hadi 15, mpaka zipate rangi ya kahawia hafifu. Harufu nzuri inayotoka ni matokeo ya mmenyuko uliochunguzwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeandika habari zake mwaka 1912. Asidi za amino zilizomo katika protini huungana na sukari, zikazaa mamia ya kemikali mpya zenye rangi na harufu. Mmenyuko huu huenda kwa haraka kwenye halijoto ya nyuzi 140 za Selsiasi na zaidi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ndiyo sababu karanga za kuchemsha, hata zikikaa jikoni kutwa, hazitoi kamwe harufu ya karanga za kukaanga. Zikisha kupoa zifikiche, uzipepete ili maganda membamba yatoke.

Kutwanga. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na karibu robo ni protini. Mafuta hayo yamefungwa katika vijumba vidogo ndani ya seli. Mchi unapopiga, kuta za seli hupasuka. Mwanzoni utaona unga mkavu. Baadaye unga hushikamana. Mwishowe huwa uji mzito unaong'aa. Mpishi hakuongeza kitu cho chote: mafuta yaliyokuwa ndani yametoka nje, na sasa vipande vya protini na wanga vinaogelea ndani yake.

Kuongeza maji. Hapa pana jambo la ajabu ambalo kila mwanafunzi aweza kulijaribu. Ukitia kijiko kimoja cha maji ya moto katika uji huo wa karanga na kukoroga, hauwi mwepesi. Badala yake huwa mgumu, kama kwamba umeongeza unga. Sababu ni kwamba maji na mafuta havichangamani. Yale maji machache hunyonywa na protini na wanga, na vipande vilivyolowa hunatana. Lakini ukiendelea kutia maji, kijiko baada ya kijiko, mara utaona uji umelegea na kuwa laini na mweupe zaidi. Mambo yamepinduka: mwanzo mafuta yalikuwa bahari na maji yakawa matone, sasa maji ndiyo bahari na mafuta ndiyo matone. Protini hulizunguka kila tone na kulizuia lisiungane na jingine. Mchanganyiko wa namna hii huitwa emalsheni. Mpishi anayetupa uji wake baada ya kijiko cha kwanza, akidhani umeharibika, ameacha somo katikati.

Tui. Tui la nazi nalo ni emalsheni: matone ya mafuta katika maji, yakishikiliwa na protini za nazi. Kuna nazi, pana mbuzi na kifumbu. Kazi hiyo msomaji aijua. Litumike tui la kwanza. Lipashwe moto huku likikorogwa, mpaka mvuke uanze kupanda na vipovu vionekane pembeni, kisha liipuliwe. Likichemshwa kwa nguvu na kwa muda mrefu protini zake huganda, mafuta hujitenga juu, na tui hukatika. Kwa atakaye mafuta ya nazi jambo hilo ni jema, lakini kwa atakaye rojo ni hasara. Changanya tui la vuguvugu na uji wa karanga.

Viungo. Kitunguu saumu kizima hakina harufu kali. Kikipondwa, kimeng'enya kimoja hukutana na kemikali ambayo hapo kwanza kilitengwa nayo, ikazaliwa alisini, ambayo ndiyo harufu yenyewe. Pilipili ni habari nyingine. Ukali wake watokana na kapsaisini, ambayo huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Ndiyo maana ukali huenea sawasawa katika rojo lenye mafuta mengi, na ndiyo maana maji hayamsaidii sana aliyeungua ulimi. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko Marekani waligundua kipokezi cha neva kinachoshikwa na kapsaisini, na kuonyesha kwamba ndicho hicho kipokeacho habari za joto la kuunguza. Yaani tusemapo kwamba pilipili ni moto, neva zetu husadiki hivyo. Kwa ugunduzi huo Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyechunguza hisia ya kuguswa. Ponda saumu, tangawizi na pilipili, kisha utie pamoja na sukari, chumvi na dagaa.

Ndimu. Hii hutiwa mwisho, rojo likisha kupoa. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki nyingi, na pH yake ni kati ya 2 na 3. Protini za tui hubaki zimetawanyika kwa sababu zina chaji za umeme zinazosukumana. Asidi hupunguza chaji hizo, na protini hukaribiana na kuganda, hasa pakiwa na joto. Anayekamulia ndimu katika tui linalochemka atapata maji yenye madonge. Anayengoja lipoe, na kutia ndimu kidogo kidogo huku akikoroga, atapata rojo laini. Aidha vitamini C ya ndimu huharibiwa na joto, kwa hiyo subira yake yampa faida mbili.

Rojo hili humwagiwa juu ya papai bichi lililokunwa, kabichi, karoti au matango, vilivyooshwa kwa maji safi na salama. Mtu wa Mtwara aweza pia kulijaribu kwa ming'oko ya kuchemsha, ambayo kwa kawaida huliwa kwa chumvi na pilipili. Mafuta ya karanga na nazi yana kazi nyingine mwilini: rangi ya njano ya karoti, yaani karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Rojo liliwe siku hiyo hiyo, kwani tui halistahimili joto la pwani. Mwalimu naye asisahau kuuliza kwanza kama yupo mwanafunzi adhuriwaye na karanga. Ni wachache, lakini kwao hata kiasi kidogo chaweza kuleta hatari ya kufa.

SUMU ISIYOONDOLEWA NA MOTO

Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao haukujulikana. Maini yao yalikuwa yameharibika. Uchunguzi ulifuatilia chakula chao, ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndani yake zilipatikana kemikali zinazotolewa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na kutokana na jina la kuvu hiyo zikaitwa aflatoksini. Kwa Kiswahili siku hizi twaziita sumukuvu. Iliyo kali kuliko zote ni ile iitwayo B1. Herufi hiyo yatokana na rangi ya buluu inayoonekana sumu hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno.

Kuvu hii huishi katika udongo wa nchi za joto, na hupenda halijoto ya nyuzi 25 hadi 35, ambayo ndiyo hali yetu ya kila siku pwani. Huweza kuingia katika karanga zikiwa bado shambani, hasa ukame ukizipata karibu na kukomaa na maganda yakapasuka. Huzidi baada ya mavuno, karanga zisipokaushwa vizuri. Hushambulia mahindi vile vile.

Mtu akila sumukuvu, ini hujaribu kuivunja. Katika kujaribu huko huigeuza kuwa kemikali kali zaidi, inayoshikamana na DNA ya seli na kuiharibu. Kula kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye homa ya ini ya aina ya B. Kula nyingi kwa mara moja huua kwa muda mfupi. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa. Nchini kwetu mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Katika nchi zote mbili chanzo kilikuwa mahindi, lakini kuvu ni hiyo hiyo na sumu ni hiyo hiyo.

Wengi hudhani kwamba moto huua kila kitu. Moto huua kuvu yenyewe, kwa kuwa kuvu ni kiumbe hai. Sumu si kiumbe hai. Ni kemikali iliyokwisha kuachwa ndani ya punje. B1 safi haianzi kuvunjika mpaka joto lipite nyuzi 260, na karanga zikifikia joto hilo zitakuwa makaa. Kukaanga kwa kawaida huipunguza kwa sehemu tu, wala hakuna mpishi awezaye kujua ni kwa sehemu gani. Asidi ya ndimu kwa kiasi kiliwacho haitoshi kuivunja. Pilipili, sukari na tangawizi hazifanyi lo lote ila kumzuia mlaji asihisi uchungu ambao pengine ungemwonya.

Viwango vya Afrika Mashariki vinavyotumika Tanzania haviruhusu sumukuvu kuzidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya karanga. Kiasi hicho ni sawa na gramu 1 katika tani 100, yaani malori 10 ya tani kumi kumi. Sasa tufanye hesabu moja. Wataalamu wamepata kukuta punje mojamoja za karanga zenye zaidi ya mikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Punje ya namna hiyo, yenye uzito wa nusu gramu, ina mikrogramu 500. Tukiitwanga pamoja na gunia la kilo 50, kila kilo itapata mikrogramu 10. Punje moja tu imelifikisha gunia zima kwenye ukomo wa sheria! Punje za kiasi hicho ni nadra, lakini hesabu hii yaonyesha jinsi sumu inavyokusanyika katika punje chache wakati zilizo nyingi ni safi. Habari hiyo ni ya kuogofya, na papo hapo ni ya kutia moyo: kama sumu imo katika punje chache, basi aziondoaye punje hizo ameondoa sehemu kubwa ya sumu.

UNGO NI CHOMBO CHA MAABARA

Basi turudi kwenye ile hatua ya kwanza. Mwaga karanga katika ungo, mahali penye mwanga wa kutosha, uzitandaze ziwe tabaka moja. Toa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyotobolewa na wadudu, iliyovunjika au iliyoota. Usiionje ili kuijaribu. Ni kweli kwamba punje chache zenye sumu huonekana nzima kwa macho, kwa hiyo ungo hauondoi hatari yote. Lakini hakuna hatua nyingine jikoni inayoikaribia kwa manufaa.

Zilizotolewa zifukiwe au zichomwe. Wapo wanaozitia katika unga wa karanga kwa kuwa unga hauonyeshi dosari, na wapo wanaowapa kuku au ng'ombe. Njia zote mbili humrudia mwanadamu. Ng'ombe aliyelishwa mashudu yenye sumukuvu huitoa katika maziwa, ikiwa imegeuka umbo tu. Kwa sababu hiyo hiyo yafaa kununua karanga nzima na kuzisaga mwenyewe: zilizokwisha kusagwa hakuna jicho liwezalo kuzikagua.

Kabla ya jikoni iko kazi ya mkulima. Karanga zing'olewe mara zikikomaa. Zianikwe juu ya turubai au kichanja, zisilale juu ya udongo. Zikauke mpaka punje zikitikiswa zinalia ndani ya ganda. Wataalamu hushauri unyevu wa zilizobanguliwa ushuke hadi asilimia 7 hivi. Zihifadhiwe mahali pakavu, magunia yakiwa juu ya chaga. Na iko desturi moja ambayo hapana budi iachwe kabisa, nayo ni kulowanisha maganda ili yabanguke kwa urahisi. Anayefanya hivyo huokoa vidole vyake, akairudishia kuvu maji ambayo jua lilikuwa limeinyang'anya kwa siku nyingi.

Wanasayansi nao hawakukaa bure. Nje kidogo ya mji wa Mtwara kiko kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kituo hicho kimeshughulikia mbegu bora za karanga, zikiwamo Pendo, iliyotolewa mwaka 1998, na Mnanje na Mangaka, zilizotolewa mwaka 2009. Mwaka 2018 iliidhinishwa nchini dawa ya kibiolojia iitwayo Aflasafe, ambayo ni Aspergillus flavus wa aina isiyotoa sumu. Hutawanywa shambani ili ishike makao kabla ya ndugu yake mwenye sumu kufika. Ni kuvu ikifukuzwa na kuvu.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Nunueni nusu kilo ya karanga zilizobanguliwa kutoka kwa wauzaji watatu mbalimbali. Zichagueni kwa ungo, mpime uzito wa zilizotolewa, na mtafute ni asilimia ngapi ya kila fungu. Muuzaji aliye na bei ndogo ndiye aliye na karanga mbovu nyingi? Ongezeni bei ya zilizotupwa katika hesabu, mwone ni zipi zilizo ghali kwa kweli. Oshani mikono baada ya kazi.

2. Katika uji wa karanga safi tieni maji ya moto, kijiko kidogo kimoja kimoja. Baada ya kila kijiko pimeni muda ambao uji huchukua kuteremka sentimita 10 juu ya kigae kilichoinamishwa. Choreni grafu. Ni kijiko cha ngapi mafuta na maji yalipobadilishana nafasi?

3. Gawanyeni tui katika vikombe viwili, kimoja cha moto na kingine cha baridi. Tieni kiasi kimoja cha ndimu katika kila kimoja. Elezeni tofauti mtakayoiona.

4. Pimeni gramu 100 za karanga mbichi zilizobanguliwa, mzianike juani juu ya turubai, mkizipima kila jioni mpaka uzito usibadilike tena. Ni maji kiasi gani yaliyopotea?

Ndugu msomaji, kazi yote hii yaweza kufanyika kwa ungo, kinu, sufuria na mizani ya duka. Mwanafunzi akisha kuimaliza, na aende nyumbani akamwombe mama ruhusa ya kuchagua karanga za jioni kabla hazijaingia kikaangoni, na amweleze sababu. Rojo la Kithai lisipompendeza mtu, halidhuru. Karanga hizo zitafaa kwa kisamvu. Lakini ziwe zimepita kwenye ungo.